Namna ya kuandaa mashindano ya gemu mtaani Dar bila kugombana na wazazi

Mzazi anayepita nje ya banda la gemu Manzese au Mbagala haoni kinachochezwa ndani. Anaona pazia mlangoni, begi la shule limetupwa pembeni, kelele, na noti ya buku inayohama mkono. Kwake banda hilo na dubwi (mashine ya kamari) lililo duka la pili ni kitu kimoja, na hukumu ameshaitoa kabla mtu hajamwambia neno "kipaji". Kubishana naye ni kazi bure. Kinachombadilisha ni kile atakachokiona siku akichungulia, kwa hiyo mwongozo huu unahusu siku moja tu: mashindano ya wachezaji 16, runinga 2, kuanzia saa 3 asubuhi hadi kabla ya saa 11 jioni.

Mchezo tunaouzungumzia ni mpira wa kampuni ya EA kwenye mashine ya PlayStation 4 (PS4). Jina la FIFA liliishia kwenye FIFA 23, na tangu Septemba 2023 mchezo huo unatoka kwa jina la EA Sports FC, ingawa mtaani wote bado ni "FIFA". Toleo lolote linafaa, mradi mashine zote mbili ziwe na toleo lilelile.

Barua, na neno la kuliepuka

Kwenye barua na kwenye bango usiandike neno la Kiingereza "gaming". Hapa Tanzania sheria ya mwaka 2003 inayosimamia kamari inaitwa Gaming Act kwa Kiingereza, na wanaotoa leseni za kasino, kubeti na mashine za mtaani ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mtendaji akiliona neno hilo atakuuliza leseni, na hatakuwa amekosea. Andika "mashindano ya mpira wa kwenye runinga", halafu mara moja tu useme kwamba ndiyo yale yanayoitwa gemu.

Barua iwe ukurasa mmoja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ipitie kwa mjumbe wa shina, na ifike siku 10 kabla. Taja majina na simu za waandaaji wawili watu wazima, mahali, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya wachezaji, umri wa chini, na zawadi inatoka kwa nani. Ongeza sentensi moja: hakutakuwa na kubeti, pombe wala sigara. Chapa nakala 2. Moja inabaki ofisini, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa na ibandikwe mlangoni siku ya tukio. Karatasi hiyo yenye mhuri inafanya kazi kuliko maelezo ya nusu saa. Kama unataka spika za nje, sema kwenye barua, uambiwe hapohapo kama inahitajika ruhusa nyingine. Ushauri wetu ni kuziacha kabisa. Kelele ndiyo lalamiko la kwanza la majirani, nalo ndilo rahisi kuliondoa.

Muombe mwenyekiti akabidhi zawadi. Usimwite kufungua asubuhi, akakaa saa sita akisubiri. Mpe saa kamili ya fainali.

Hela ziwe mafungu mawili

Hapa ndipo mashindano mengi ya mtaani yanapoharibika. Mtindo uliozoeleka ni kila mtu kuweka hela, bingwa abebe zote. Hata kama mchezo ni wa ustadi mtupu, anayetazama kutoka nje anaona watu wameweka hela mezani na mmoja ameondoka nazo. Mzazi ataiita kamari, na askari anaweza kuiita hivyo pia.

Tenganisha. Kiingilio cha shilingi 3,000 kwa watu 16 ni 48,000, na hiyo ni ya umeme, maji, karatasi na posho ya waamuzi. Isiguse zawadi. Zawadi itoke kwa mdhamini: kinyozi, duka la vifaa vya simu, wakala wa kutuma fedha, mwenye banda mwenyewe. Andika hesabu hizo kwenye karatasi mbili tofauti na uzibandike ukutani mtu yeyote azisome. Kampuni ya kubeti ikikuletea fulana za bure, shukuru na ukatae. Nembo zao zimejaa kwenye jezi za mpira wa uwanjani, ni kweli, lakini wewe unajaribu kumwonyesha mama wa mtoto wa kidato cha 2 kwamba hapa si huko.

Mshindi akiwa mwanafunzi asipewe taslimu. Pedi mpya (kile kishikio cha kuongozea mchezo), mpira wa miguu, jezi au kauntabuku dazeni moja vinafika nyumbani vikionekana. Hela haifiki.

Halafu kuna kubeti kwa pembeni: "Buku huyu anakufa." Kunaanza kimyakimya raundi ya makundi na kufikia nusu fainali kumekuwa ndiyo shughuli yenyewe. Tangaza mapema: mchezaji akikamatwa anatolewa, mtazamaji anatoka nje. Kubahatisha chini ya miaka 18 ni kosa kisheria, na banda lenye watoto halina utetezi. Mtoe mmoja wa kwanza, hata akiwa rafiki yako, na wengine wataelewa.

Vifaa: mahali pa kutumia muda wako

PS4 mbili, runinga 2 za inchi 32 au 43, pedi 6 (4 za kuchezea, 2 za akiba), nyaya za USB 6, ekstensheni 2, stabilaiza. Kagua kila kimoja siku mbili kabla, kwa sababu mchezaji akifungwa hutafuta kisingizio, na kifaa kibovu kinamtafutia.

Pedi kwanza. Ingia kwenye uwanja wa mazoezi wa mchezo, weka pedi mezani, usiiguse kwa dakika moja. Mchezaji wa kwenye skrini akianza kutembea mwenyewe, kijiti cha kuelekezea kimechoka. Vumbi na jasho huingia chini ya kijiti na kuchafua sehemu inayopima mwendo wake. Weka matone mawili au matatu ya spiriti ya kusafishia vifaa (isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, si ile ya kupaka kidonda iliyochanganywa maji mengi), zungusha kijiti mara 30, subiri dakika 15 ikauke, jaribu tena. Ikirudi ileile, kilichobaki ni fundi wa Kariakoo kubadilisha kijiti kwa kuchomelea risasi. Usiipeleke kwenye mashindano ukitegemea bahati.

Pedi zote zichezwe kwa waya. Kwenye mipangilio ya vifaa vya PS4 chagua mawasiliano ya pedi kwa njia ya USB. Sababu ni hii: pedi isiyo na waya hukumbuka mashine iliyounganishwa nayo mara ya mwisho. Mtu akikaa pembeni na pedi yake akabonyeza kitufe cha kati, anaweza kuingilia mechi ya wenzake bila kukusudia. Pedi zisizotumika zizimwe kwa kushikilia kitufe hicho kwa sekunde 10. Nyaya nazo zina mtego: nyingi za bei rahisi zina njia ya chaji tu, hazipitishi data. Ukichomeka na pedi ikaonyesha inachaji lakini haiongozi mchezo kwa waya, tupa waya huo, pedi haina kosa.

Runinga ziwekwe kwenye hali ya mchezo, ambayo mara nyingi imeandikwa Game kwenye menyu ya picha. Bila hiyo runinga huchukua muda kuirembesha picha kabla ya kuionyesha, na mchezaji anabonyeza pasi inayotoka kwa kuchelewa. Runinga isiyo na hali hiyo, zima ulainishaji wa mwendo na upunguzaji wa chengachenga za picha. Kama moja ni nzuri na nyingine mbaya, usiwape watu uchaguzi. Kura ya shilingi iamue nani anacheza wapi.

Masasisho ya mchezo yafanyike usiku, siku mbili kabla, mashine zote mbili, kisha kata intaneti hadi mashindano yaishe. Vikosi vikitofautiana, mchezaji yuleyule atakuwa na kasi moja skrini ya kwanza na nyingine ya pili, na kesi hiyo haina hakimu. Faili zinaweza kufika GB kadhaa, kwa hiyo usisubiri asubuhi yenyewe ukategemea bando la simu.

Umeme. PS4 ndogo mechi ikichezwa hula kama wati 80 hadi 100, runinga ya LED ya inchi 32 kama 50. Seti mbili na feni mbili ni kama wati 420. Kwa saa 8 hiyo haifiki uniti 4, lakini PS4 za mwanzo zinakula zaidi, kwa hiyo weka uniti 10 kwenye LUKU tangu jana yake. Kila seti na ekstensheni yake, feni mahali pengine, na usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Jenereta ndogo ya wati 1,000 inatosha, mradi umeme wake upite kwenye stabilaiza na jenereta yenyewe ikae nje mbali na dirisha. Moshi wake ndani ya chumba huua.

Umeme ukikatika ghafla PS4 inaweza kugoma kuwaka vizuri. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7, chomeka pedi kwa waya, kisha chagua namba 5, ya kupanga upya kanzidata. Haifuti mchezo. Mwandaaji asiyejua hatua hii huahirisha mashindano bure.

Na joto la Dar usilidharau. Mashine iachiwe sentimita 10 kila upande, isiwekwe juu ya kitambaa, na vumbi la feni lipulizwe wiki hiyo. Ikianza kunguruma kama bodaboda inayopanda mlima, inakaribia kujizima.

Jambo dogo la mwisho: toa kwenye mashine diski za michezo ya ukatili ya GTA na Mortal Kombat, na picha zake zisionekane kwenye skrini ya mwanzo. Zimepewa alama ya miaka 18 huko Ulaya, wakati mpira wa EA una alama ya miaka 3. Mzazi hatauliza alama. Ataangalia picha.

Ratiba inayojali adhana

Wachezaji 16, makundi 4 ya watu 4, kila kundi mechi 6: hizo 24. Robo fainali 4, nusu 2, mshindi wa tatu 1, fainali 1. Jumla 32. Kipindi kiwe dakika 6. Ukijumlisha mapumziko, marudio ya mabao na kubadilishana viti, mechi moja inakula dakika 20. Kwa skrini mbili, makundi yanahitaji saa 4 kamili.

Anza saa 3:00 asubuhi. Mizunguko 10 inaisha saa 6:20, hapo simama saa nzima kwa swala ya adhuhuri na chakula. Mizunguko 2 iliyobaki inaisha saa 8:00, robo fainali saa 8:40, nusu fainali saa 9:00, mshindi wa tatu saa 9:20. Fainali iwekwe saa 10:00, baada ya alasiri. Pengo hilo si kosa la hesabu. Linameza ucheleweshaji wa siku nzima, na ndiyo nafasi ya wazazi na mwenyekiti kufika wakute viti vimepangwa. Saa 10:40 zawadi zimeshatolewa.

Siku iwe Jumamosi au wakati wa likizo za Juni na Desemba. Usiweke Jumapili asubuhi. Wakijisajili 20 au 22, usibane makundi. Waambie 16 wa kwanza, waliobaki wawe wa akiba, maana wawili au watatu hawatatokea. Atakayechelewa dakika 10 amepoteza kwa mabao 3 kwa 0.

Sheria za mechi

Ziandikwe kwa maneno machache na zisomwe kwa sauti kabla ya mechi ya kwanza. Majeruhi yazimwe, hali ya hewa iwe angavu, kasi ya kawaida. Timu za nyota wa zamani na za nyota wa dunia zimepigwa marufuku. Kila mtu ataje timu yake kwenye usajili na abaki nayo mpaka mwisho, la sivyo kila mechi itaanza na dakika tano za kusogeza menyu. Simba na Yanga hazimo ndani ya diski, na mtu ataliuliza hilo kila mara.

Kusimamisha mchezo ni mara 2 tu kwa mechi, na mpira ukiwa umetoka nje. Atakayesimamisha wakati mwenzake anakaribia goli, bao linahesabiwa. Hatua ya mtoano ikiisha sare, muda wa nyongeza na penalti. Kwenye makundi sare inabaki sare. Pointi zikilingana, angalia tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga, kisha mechi ya wenyewe kwa wenyewe. Matusi: onyo moja, la pili nje.

Kila skrini iwe na mwamuzi mmoja asiyecheza, mwenye karatasi. Kazi yake kubwa ni kuandika dakika na matokeo kila bao linapofungwa, kwa sababu ya umeme. Ukikatika dakika ya 60 matokeo 2 kwa 1, matokeo yanabaki kwenye karatasi. Umeme ukirudi wanaanzisha mechi mpya, inasimamishwa ikifika dakika ya 30, na mabao yanajumlishwa. Bila karatasi hiyo utakuwa na watu wawili wenye kumbukumbu mbili.

Mlango, viti na wasichana

Toa pazia. Kama jua linapiga kwenye skrini, geuza runinga, usifunge mlango. Banda linaloonekana ndani kutoka barabarani halihitaji msemaji. Panga viti safu mbili, watazamaji wasizidi 20 kwa wakati mmoja kwenye chumba cha kawaida cha duka, na ndoo ya maji ya kunywa yenye vikombe. Asiye na kiti anasubiri nje kwenye kivuli. Sare ya shule hairuhusiwi kuingia, hata Jumamosi ya masomo ya ziada. Mchezaji wa chini ya miaka 18 alete karatasi yenye jina na simu ya mzazi, na umpigie mzazi huyo kweli jana yake. Simu hiyo ya dakika mbili ndiyo inayowaleta kwenye fainali.

Wasichana wanaocheza wapo, wanachezea nyumbani kwa kaka zao, ila hawakai bandani. Kuwatengea "mechi ya maonyesho" kunawafanya kichekesho. Wape nafasi 4 kati ya 16 kwenye usajili hadi siku 3 kabla, mwamuzi mmoja awe mwanamke, na kiti cha wachezaji kisipakane na kundi la watazamaji. Sheria ya matusi itakuwa imeshafanya nusu ya kazi.

Wazazi watauliza nini, na umjibu vipi

Akikwambia gemu ni ugonjwa, usimkatalie. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini mweleze vigezo: mtu ashindwe kujizuia, gemu itangulie mambo mengine yote, na aendelee ingawa inamharibia, kwa kawaida kwa miezi 12. Muulize anachokijua yeye: mtoto analala? Anahudhuria shule? Hela za nyumbani zinapotea? Akijibu ndiyo kwa la mwisho, mtoto huyo asicheze kwako mpaka wayamalize nyumbani.

Akisema ni kamari, mwonyeshe zile karatasi mbili ukutani. Akijua mambo zaidi, kiri kwamba ndani ya mchezo wenyewe kuna pakiti za wachezaji zinazonunuliwa bila kujua utapata nani, na kwamba Ubelgiji mwaka 2018 iliziona ni kamari, EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo Januari 2019. Kwenye mashindano yako intaneti imekatwa, hakuna cha kununua.

Swali gumu ni "watakula nini?" Hapa waandaaji hudanganya sana. Wachezaji wa kulipwa wapo: mwaka 2018 Msaudi Mosaad Aldossary alishinda dola 250,000 London kwenye kombe la dunia la FIFA ya runinga. Mkenya Sylvia Gathoni, maarufu kama Queen Arrow, alisajiliwa mwaka huohuo na timu ya kimataifa kwa kucheza Tekken, gemu ya kupigana. Michezo ya Asia ya Hangzhou, 2023, ilitoa medali za gemu. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalomhusu mtoto aliyeshinda Tandika Jumamosi. Anayecheza mtandaoni kutoka Dar akikutana na seva iliyo bara jingine anabeba mzigo wa kuchelewa ambao mwenzake hana. Usimwahidi mzazi ajira. Mwambie kilichopo: ratiba, uamuzi, ufundi wa pedi, kutangaza mechi kwa kipaza sauti kidogo. Mpe mtoto wake moja ya kazi hizo mashindano yajayo, kwa jina, kwenye karatasi.

Baada ya fainali

Piga picha za washindi wakiwa na wazazi wao, na usirushe ya mtoto mtandaoni kabla mzazi hajakubali. Futa pedi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, ziwe kavu kabla ya kufungiwa, maana unyevu wa pwani hukaa kwenye vijiti. Hesabu nyaya, mbili huwa zinaondoka mfukoni mwa mtu. Jumatatu peleka ofisi ya mtaa karatasi moja: matokeo, mapato na matumizi ya ile 48,000, saa mliyofunga, malalamiko yaliyokuja na mlivyoyamaliza. Nakala ya pili ni ya mdhamini, ya tatu ibaki ukutani bandani kwa wiki mbili.